Mama mkwe wa ukutani, Tandika

Kama umekulia Dar lile tangazo unalijua, USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, rangi nyekundu, herufi zinaanza kubwa kubwa afu mwishoni zinabanana maana aliyeandika hakupima, na hapo hapo chini yake plasta imeliwa na mkojo. Tandika kulikuwa na ukuta wa godauni wa hivo na jirani yake mama ntilie mmoja alikuwa na banda lake la wali maharage, jua likiwaka mchana harufu inakuja hadi kwenye sahani, wateja wanakula wameziba pua. Hii ni kama 2005 hivi, mi nilikuwa nimemaliza shule niko tu nyumbani, namsaidia mjomba wangu ambaye alikuwa fundi wa mabango, saluni za vinyozi, mabucha, milango ya nyuma ya daladala, vyote anaandika yeye.

Basi siku moja mama ntilie akamwambia fundi eh, niandikie na mimi hapo, andika kubwa, weka faini laki. Mjomba akacheka. Akamwambia mama, watu wanasoma huku wanakojoa, tatizo sio kusoma. Na kweli bana, ukikaa pale jioni unamuona mtu anasimama, anainua kichwa, anasoma tangazo lote mpaka mwisho maana hana kingine cha kuangalia, anamaliza anafunga zipu anaondoka.

Nikamuuliza sasa anko tutafanyaje, akasema tutamuweka mama mkwe.

Mjomba hakusoma chuo chochote. Alipokuwa kijana alikaa kaa na wale wachoraji wa Tingatinga kule Morogoro Stores, Oysterbay, mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alishafariki tangu 1972 ila rangi ni zile zile za mafuta za kwenye makopo na wanyama wao wale wenye macho makubwa, na nadhani huko ndo alipotoka na lile jambo lake la macho. Alikuwa anasema ukitaka picha imfuate mtu, mboni iweke katikati kabisa, isiangalie kulia wala kushoto, afu kile kidoti cheupe kikae upande mmoja kwenye macho yote mawili. Hapo mtu apite huku apite kule atajua anaangaliwa yeye.

Kazi tulianza Jumapili godauni limefungwa, mwenyewe alishakubali, kwanza alifurahi hatoi hela. Kuchora ndo ilikuwa kazi nyepesi, shughuli ilikuwa ule ukuta. Chumvi ya mkojo ikishaingia kwenye plasta ukipaka rangi juu yake inavimba inabanduka, kwa hiyo tulikwangua, tukaosha, tukaziba kwa simenti, tukaacha ukauke, na huku nyuma mjomba kamuweka kijana wa kufukuza watu wasije wakaharibu tena, masikini yule dogo alitukanwa sana.

Kukauka kulipoisha mjomba akanisimamisha mimi ukutani kama mtu anayekojoa, samahani kwa lugha, akaweka alama ya chaki pale macho yangu yalipoangukia. Akasema macho yake yanakaa hapa. Yaani picha nzima ilianzia hapo, kichwa kikapanda juu, mabega yakashuka chini, miguu ikafika usawa wa barabara, mama mtu mzima kabisa kasimama na kandambili zake.

Sasa kwenye kanga ndo tukakwama. Kanga mtu akijifunga kiunoni jina linasomeka nyuma, kule makalioni, na huyu mama katugeukia uso, jina litaonekana wapi? Mi nikasema tuache bila jina, mjomba akanitazama kama nimemtukania mtu. Kanga bila jina si kitambaa tu? Akakaa kwenye ndoo akavuta sigara, akarudi akachora ya pili ya ile doti kajitanda mabegani, mikono miwili imeivuta mbele kama mama akisikia upepo au akiwa anakusubiri useme ulipolala, na jina likakaa kifuani sawia. Pindo nyekundu na nyeusi, korosho kubwa za manjano, jina kwa herufi kubwa ndani ya kiboksi chake kama lilivyo dukani: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Brashi ya herufi aliikata kwa wembe upande mmoja imelala, na mstari aliupiga kwa uzi wenye chaki, akaanza na herufi ya katikati ndo akaenda pembeni, kwa hiyo hapakubanana kitu. Mdada mmoja akapita na ndoo ya maji kichwani, akasimama, akasoma, akasema hii nataka, inauzwa wapi?

Mama ntilie akaja kuangalia akauliza fundi huyu ni nani, mbona kama namjua. Mjomba akamjibu kila mtu anamjua.

Jioni ile ile tumekaa bandani tunakunywa chai akatokea baba mmoja katoka baa, tunamuona anavyokuja moja kwa moja ukutani, mazoea bana, mkono uko kwenye zipu, kichwa kaangalia chini. Kafika. Kainua uso. Nawaambia yule mzee aliruka hatua nzima nyuma, akavuta shati akachomekea, akasema "Shikamoo mama" kwa heshima zote, afu akageuka akaondoka haraka haraka. Mjomba chai ilimtokea puani. Mama ntilie alikaa chini kabisa anapiga mapaja, na deni la mjomba la chakula, ambalo lilikuwa sio dogo, akalifuta palepale mbele ya mashahidi.

Sio kwamba walikoma wote, wapo walioenda pembeni kwenye kona ambako macho hayafiki vizuri. Ila banda lilijaa, watu wengine walikuja kwa ajili ya kumuona mama tu, na wiki hiyo hiyo jamaa mmoja akamfuata mjomba anataka wa kwake kwenye geti, mke wake asijue kaagizwa na nani, mjomba akamwambia bei ni elfu kumi kwa kila jicho, mwili nakupa bure.