Roshani ya Anna Karenina

Jana usiku nimeirudia ile sura ya riwaya ya Mrusi Leo Tolstoy ambayo Anna Karenina, mwanamke aliyemwacha mumewe Karenin kwa ajili ya ofisa Vronsky, anakwenda kwenye opera, nikalala na hasira ileile niliyokuwa nayo nilipoisoma mara ya kwanza. Anna anaketi kwenye roshani, amevaa gauni la hariri na mahameli lililoshonwa Paris, wakubwa wa Petersburg wote wakimtazama. Na katika roshani ya jirani mke wa Kartasov anainuka, uso umempauka kwa ghadhabu, anavaa joho lake na kuondoka, baada ya kutamka kwamba ni aibu kuketi karibu na mwanamke yule. Mumewe, mtu mnene mwenye upara, anasitasita nyuma akiyatafuta macho ya Anna ili angalau amsalimu, naye Anna anajifanya hamwoni.

Kinachoniuma ni kwamba tabaka lile lilikuwa limezoea uzinzi kama lilivyozoea chai. Tolstoy, aliyeanza kuichapisha riwaya hii kwa mfululizo mwaka 1875, anatuonyesha hivyo mtu mmoja baada ya mwingine. Betsy Tverskaya ana hawara anayejulikana na kila mtu, na sebuleni kwake ndiko Anna na Vronsky walikokuwa wakikutana. Lakini Anna aliporudi kutoka Italia, Betsy alimtembelea kwa dakika zisizozidi kumi, akataka kujua talaka itatoka lini. Mama yake Vronsky naye aliufurahia uhusiano ule mwanzoni, kwa kuona unampa mwanawe hadhi, na alichukia aliposikia kijana amekataa cheo ili asiwe mbali na Anna. Hata Karenin, mume aliyetendewa, alichodai kwanza ni kwamba mambo yaonekane sawa mbele za watu.

Simtakasi Anna, kwani alimwacha mwanawe Seryozha, na sura inayomhusu mtoto yule kila mara hunitoa machozi. Ila walimwengu wake hawakumhukumu kwa ajili ya mtoto. Walimhukumu kwa kuwa alikataa kujificha.

Na kaka yake Anna je? Riwaya inaanza Stiva akiwa amefumaniwa kwa barua, alikuwa na uhusiano na Mfaransa aliyewahi kuwafundisha watoto wake, na ni Anna huyuhuyu anayesafiri hadi Moscow kumsihi wifi yake, Dolly, asamehe. Stiva anasamehewa, anaendelea na kazi yake na karamu zake, na hakuna roshani inayohamwa kwa ajili yake.

Ndiyo maana nampenda Dolly kuliko wote. Anakwenda kumtembelea Anna kijijini, na akiwa njiani garini, mama huyu aliyechoshwa na uzazi na madeni ya mumewe anajiuliza kwa nini watu wanamshambulia wifi yake, kisha anajitungia kichwani mapenzi ya siri ya kwake mwenyewe, anamwona Stiva akiduwaa anapoungamiwa yote, na anatabasamu.