Mraba Ulioinamishwa Bado ni Mraba

Mwaka wa kwanza nilipofundisha maumbo katika darasa la kwanza, nilichora mraba ubaoni ukiwa umekaa sawasawa juu ya upande wake mmoja, nikautaja jina, watoto wakaitikia kwa sauti moja, nami nikaamini kwamba somo limeeleweka. Siku chache baadaye nilishika kipande cha kadi chenye umbo lilelile, nikakigeuza hadi kona moja ikaelekea chini, kisha nikauliza hilo ni umbo gani. Mtoto mmoja alijibu kwa uhakika kwamba huo si mraba tena, na wenzake wakamuunga mkono. Jibu lao halikutokana na uzembe, kwa kuwa walikuwa wameshika hasa kile nilichowafundisha: picha moja, iliyokaa kwa namna moja.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walikuwa wamelichunguza suala hili katika tasnifu zao za mwaka 1957. Walieleza kwamba mtoto huanza kwa kulitambua umbo kutokana na sura yake nzima, na ndipo baadaye hufikia hatua ya kulitazama kwa sifa zake, yaani idadi ya pande, urefu wa pande hizo na aina ya pembe. Walisisitiza pia kwamba umri peke yake haumvushi mtoto kutoka hatua moja hadi nyingine. Kinachomvusha ni namna anavyofundishwa.

Tangu hapo nimebadili mpangilio wa somo. Sianzi tena na maumbo bapa, bali naanza na maumbo ya vipimo vitatu, yaani yale yenye urefu, upana na kimo, kwa sababu ndiyo ambayo mtoto ameyashika tangu akiwa mchanga. Umbo bapa halishikiki. Hata duara la plastiki tunalompa mtoto darasani, tukilitazama kwa makini, ni mcheduara, yaani umbo kama la mkebe, ila mfupi sana, na karatasi yenyewe ina unene wake, ingawa ni mdogo. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa watoto tufe (umbo la mpira), mcheduara na mchemraba (boksi lenye nyuso za mraba) wa mbao wavichezee, na mimi naona alikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo kila mtoto hupewa boksi, huliweka juu ya karatasi na kuchora kwa kufuata ukingo wa uso uliolala chini. Akiliondoa, anakuta mstatili au mraba. Mkebe humpa duara. Hapo anaona kwa mkono wake mwenyewe kwamba umbo bapa ni uso wa kitu, na kwa kuwa boksi linaweza kulazwa vyovyote karatasini, mraba ulioinama haumshangazi tena. Pembe nazo tunazipima kwa karatasi iliyokunjwa mara mbili ili kupata pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90: kona ya karatasi ikiingia sawasawa katika kona zote nne za umbo, basi umbo hilo ni mstatili, na pande zake zote zikiwa sawa, ni mraba vilevile. Kwamba kila mraba ni mstatili ni jambo ambalo huwatatiza hata watu wazima, lakini mtoto aliyepima mwenyewe hulikubali kwa urahisi.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "mviringo" kwa kila kitu kisicho na kona, kwa hiyo mtoto huuita mpira duara na duara mpira. Ni lazima tumtenganishie mapema: duara huchorwa, tufe hushikwa. Kwa bahati njema, majina mengine ya Kiswahili yanajieleza yenyewe. Pembetatu inataja pembe zake, mchemraba unaubeba mraba ndani ya jina lake, na "pia", umbo lenye duara upande mmoja na ncha upande wa pili, ni jina lilelile la kitu cha kuchezea kinachozungushwa kwa ncha yake.

Pia hiyo nawaomba watoto waibingirishe sakafuni. Tufe huenda kokote, mcheduara huenda mbele na nyuma tu, lakini ile pia yenye ncha hurudi ilikotoka, kwa kuwa huzunguka ncha yake. Watoto huirudia mara nyingi, nami huwaacha, kwani hapo ndipo wanapogundua tofauti kati ya uso bapa na uso uliojipinda bila mimi kuieleza.

Kuhesabu nyuso 6 na vipeo (kona) 8 vya mchemraba si kazi kubwa. Kingo ndizo zinazowapoteza, kwa sababu kila ukingo umo katika nyuso mbili na mtoto huuhesabu mara mbili. Nawashauri wazihesabu kwa makundi: nne za juu, nne za chini, nne zilizosimama, jumla 12.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kufungua boksi lenye umbo la mchemraba kwa kukata baadhi ya kingo hadi lilale bapa, likiwa miraba sita iliyoshikana. Kila kundi hukata kwa njia yake, na mara nyingi vipande vinavyopatikana havifanani. Tukiacha kuhesabu tena zile zinazofanana baada ya kugeuzwa au kupinduliwa, zipo namna 11 tu za kuipanga miraba sita ili ikunjike kuwa mchemraba. Darasa langu la sasa limekwisha kupata saba, zimebandikwa ukutani, na kila asubuhi kuna mtoto anayekuja na karatasi aliyoikata akitaka tuijaribu kama ni ya nane.