Homoni kwenye maji yasiyo na chura: nilivyotatua

Tunapima kotikosteroni, homoni ya mfadhaiko, bila kumtoa chura damu: anakaa saa moja kwenye maji kidogo, homoni inatoka kwa ngozi na mkojo, tunapima maji. Kwa kiumbe kama chura wa Kihansi, wa Tanzania, asiyefikia sentimita 3 na aliyetangazwa kutoweka porini mwaka 2009, sindano haifikiriki.

Tatizo: majibu yalipanda na kushuka ovyo, na hata kikombe cha maji matupu kilionyesha homoni. Nikapunguza maji, nikabadilisha vitendanishi (kemikali za kupimia), wapi!

Kumbe ni vikombe vyenyewe. Homoni hizi hunata kwenye plastiki, na sabuni haiziondoi zote. Nikahamia bilauri za kioo: suuza kwa ethanoli, kisha maji safi mara kadhaa, ziache zikauke kabisa, maana ngozi ya chura hufyonza kila kitu.

Halafu, na hapa ndipo penyewe, mmwagie chura maji yasiyo na klorini kabla hajaingia, ukiwa na glavu mpya, ili asibebe maji ya tangi waliyokojolea wenzake. Bilauri isiyo na chura sasa inasoma karibu na sifuri. Naiweka kila ninapopima.