Siku Moja ya Mlau Kando ya Mto Rufiji

Saa 11 alfajiri nashuka kutoka kwenye dungu, kibanda chetu kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, na kabla ya kuwasha moto naenda kuutazama mto. Jana nilichomeka kijiti pale maji yalipoishia. Leo maji yamekiacha kwa hatua 3, kwa hiyo kuna ukanda mwingine wa kupanda.

Huu ni mlau, kilimo ambacho sisi Warufiji tunakifanya baada ya masika kwa unyevu ulioachwa na mafuriko, bila kungoja mvua nyingine.

Saa 1 asubuhi mimi na mke wangu tumekwisha kuanza kupanda mahindi, mimi nikitangulia na jembe, yeye akifuata na mbegu. Nachimba mpaka nifikie udongo unaoshikamana ukiufumbata, kwa sababu mbegu ikiishia kwenye tabaka lililokauka, mche hunyauka kabla mizizi haijashuka. Katikati tunatia kunde na maboga. Mbolea yetu ni tope lililoletwa na maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, yaani mahindi haya yanalishwa na mvua iliyonyesha mbali sana na hapa.

Saa 6 mchana, tukila ugali kwa kambale, anapita mzee jirani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Yameshuka?”

“Hatua tatu.”

Anakaa nasi, na mazungumzo yanarudi kwenye mafuriko ya 2024, yaliyolaza mpunga wetu chini ya maji ukiwa karibu kuvunwa. Juu yetu sasa liko Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, ninachokiomba kwa moyo wote ni kwamba mipango ya maji yake imkumbuke mkulima wa mlau, maana mto usiofurika kabisa unatunyima tope, na unaofurika ghafla unatunyang'anya mpunga.

Saa 9 alasiri navuka kwa mtumbwi kupeleka perege Ikwiriri. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, magari yalisubiri kivuko cha Ndundu, na baba yangu aliwauzia samaki abiria waliokwama hapo.

Saa 12 jioni nachota maji mapema kwa kuhofia mamba, kisha nachomoa kijiti na kukichomeka upya ukingoni mwa maji.