Hesabu sarafu zilizobaki, si zilizotengenezwa

Thamani ya sarafu ya zamani ya dhahabu ya Marekani haijulikani kwa kutazama idadi iliyotengenezwa. Mwaka 1927 kiwanda cha Denver kilitengeneza sarafu 180,000 za dola 20, lakini leo zinazojulikana hazifiki 20. Aprili 1933 Rais Franklin D. Roosevelt aliamuru dhahabu isalimishwe kwa serikali, na sarafu zilizokuwa bado ghalani zikayeyushwa. Za mwaka 1933 zilikuwa 445,500. Moja tu ndiyo mtu binafsi anaruhusiwa kuimiliki, na mwaka 2021 iliuzwa New York kwa takriban dola milioni 18.9. Inauma kufikiria kilichoingia tanuruni.

Za 1924 kutoka Philadelphia zilizidi milioni 4, na nyingi zilinusurika katika mabenki ya Ulaya. Bei yake hufuata soko: zidisha aunsi 0.9675 za dhahabu safi kwa bei ya siku, uongeze kidogo. Hata ya San Francisco ya mwaka huohuo, iliyohesabiwa adimu mno, ilishuka bei magunia ya sarafu yaliyokuwa Ulaya yalipofunguliwa.

Kwa hiyo herufi ndogo ya kiwanda (D ni Denver, S ni San Francisco) ndiyo inayobeba pesa. Katika muundo wa 1907 hadi 1933 iko juu kidogo ya mwaka. Katika ule wa zamani iko nyuma, chini ya tai. Philadelphia haina herufi. Matapeli huchukua 1927 ya kawaida wakaigandisha D. Itazame kwa ubavu kwa lenzi inayokuza mara 10: herufi ya kubandikwa huacha mstari kwenye shina lake, ya kweli imechomoza kutoka kwenye sarafu yenyewe.

Pima pia: gramu 33.436, kipenyo milimita 34. Ukiining'iniza kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kilicho juu ya mizani bila kugusa chini, usomaji unapaswa kuongezeka kama gramu 1.94. Ila zipo bandia za dhahabu halisi, mfano ile ya 1907 yenye alama ndogo ya omega kwenye kucha ya tai. Hizo mizani haizikamati. Usilipe bei ya uadimu kabla PCGS au NGC, makampuni yanayokagua uhalisi wa sarafu, hawajaithibitisha.

Usiisafishe kamwe. Dhahabu ni laini, na kitambaa chenye dawa ya kung'arishia huacha mikwaruzo isiyofutika. Bei hurudi kwenye uzito. Geuza ukingo pia, hasa juu ya kichwa: sarafu iliyowahi kuvaliwa kama kidani huwa na alama za tupa au lehemu hapo.