Oktoba iliyokuja baada ya Januari

Januari 2004 ilitimia miaka 350 tangu Baraza la Pereyaslav, mji wa Ukraine, pale hetmani (kiongozi mkuu) Bohdan Khmelnytsky na Makosaki wake, wapiganaji walioasi dhidi ya mfalme wa Poland, walipomwapia utii tsar wa Moscow, Aleksei Mikhailovich. Nilikuwa Moscow nikisoma historia, na semina yetu ya majira yale ya baridi ilikuwa juu ya baraza hilo. Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi: kuzipanga nyaraka kwa tarehe.

Makarani wa Moscow wa karne ya 17 walihesabu miaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu, tena kwa herufi badala ya tarakimu. Karatasi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na herufi tatu, juu yake wamechora kistari cha mawimbi kiitwacho titlo: Р ni 100, Ѯ ni 60, В ni 2. Jumla 162. Elfu saba hawakuiandika. Kila msomaji wa wakati ule aliijua. Basi ni mwaka 7162. Nikatoa 5508 kama nilivyokariri, nikapata 1654. Nyaraka zote zilizokuwa na herufi zile tatu nikazipa mwaka huo mmoja.

Jedwali langu likasema hivi: tarehe 8 Januari 1654 Makosaki wanakula kiapo Pereyaslav, tarehe 1 Oktoba 1654 Zemski Sobor, mkutano mkuu wa dola, unaamua kumpokea Khmelnytsky "chini ya mkono mtukufu" wa tsar. Kiapo kwanza, uamuzi miezi tisa baadaye. Sikushtuka. Nilijenga hoja nzima juu yake, kwamba Vasily Buturlin, mjumbe wa tsar, alikwenda kuapisha watu kabla dola yake haijakata shauri. Mwenzetu wa Kyiv akaikubali, mwenzetu wa Moscow akaipinga, wakabishana robo saa nzima.

Mwalimu wetu, mama mtu mzima, aliwaacha hadi wakachoka. Kisha akanigeukia: "Mwaka wao ulianza mwezi gani?"

Ulianza tarehe 1 Septemba, na ukaendelea hivyo mpaka Peter Mkuu alipouhamishia 1 Januari kuanzia mwaka 1700. Kwa hiyo katika mwaka 7162 Oktoba ni mwezi wa pili na Januari ni wa tano. Tarehe za Januari hadi Agosti hutolewa 5508. Za Septemba hadi Desemba hutolewa 5509. Mkutano ule ulikuwa Oktoba 1653, na Buturlin aliondoka na idhini kamili. Jambo hili liliniuma, maana nimekulia pwani, ambako usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likishatua. Mimi kati ya wote nilipaswa kuuliza kitu kinahesabiwa kuanzia wapi.

Kuna na shimo jingine. Poland ilifuata kalenda ya Gregori tangu 1582, Moscow ikabaki na ya Julius, na katika karne ile tofauti ilikuwa siku 10. Barua ya Warszawa ya tarehe 18 Januari na ya Moscow ya tarehe 8 Januari ni za siku moja. Ukizichanganya bila kuzileta kwenye kalenda moja, jibu linaweza kutangulia swali.

Ubishi wenye maana ulianza tarehe zilipokaa sawa. Kanisani Pereyaslav, Khmelnytsky alimtaka Buturlin naye aape kwa niaba ya tsar kwamba hatawarudisha kwa mfalme wa Poland wala hatavunja haki zao. Buturlin akakataa: tsar haapi mbele ya raia wake. Makosaki wakamjibu kwamba wafalme wa Poland huapa. Wakatoka kushauriana, wakarudi, wakaapa wao peke yao. Kila upande uliondoka na maana yake ya tendo lile. Machi 1654 vikafuata vifungu 11 vya masharti, pamoja na idadi ya Makosaki 60,000 wa daftari, yaani waliosajiliwa rasmi kuwa askari, lakini hati asilia haipo tena. Mwaka 1659 Moscow ilimwekea Yurii, mwana wa Khmelnytsky, hati iliyobadilishwa, ikimwambia ndiyo ya baba yake. Neno la Kirusi lenye maana ya kuungana upya, yaani Ukraine na Urusi, ambalo lilipigiwa debe katika sherehe za 1954 za miaka 300 ya baraza hilo, halimsaidii mtu kuyaona haya. Kwangu ni neno la kufunga mjadala.

Habari za pale kanisani tunazipata hasa katika taarifa ambayo Buturlin mwenyewe aliipeleka Moscow. Usiku ule nilichora jedwali upya: safu ya tarehe kama ilivyoandikwa, safu ya tarehe iliyogeuzwa, na safu ya tatu, ya jina la aliyeandika. Mbele ya 8 Januari jina lilikuwa moja tu.