Nembo, mabango na picha za simu: nilivyoacha fomati moja kwa wote

Tovuti ninayoitunza hapa Mbeya ni ya matangazo ya biashara: mchele wa Kyela, kahawa ya Mbozi, viazi vya Uyole. Wenye mali hupakia wenyewe, na wanachopakia si picha za magunia tu, bali pia nembo, orodha za bei na mabango ya steshenari.

Mwanzoni niligeuza kila faili kuwa JPEG ya ubora 75. Magunia yalitoka safi, mabango yakaharibika: herufi zilizungukwa na vumbivumbi, na nembo zenye uwazi (sehemu zisizo na rangi, zinazoonyesha kilicho nyuma) zikapata mandhari nyeusi. JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hupunguza mabadiliko madogo madogo ambayo jicho halitambui yakipotea kwenye jani au uso wa mtu. Ukingo wa herufi umejengwa na mabadiliko hayohayo. Tena mara nyingi rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, ndiyo maana maandishi mekundu huumia kuliko meusi. Uwazi haina kabisa.

Nikahamia PNG kwa yote. Nalo kosa: haitupi chochote, kwa hiyo picha ya kamera iliyotosha KB 400 ilipita MB 3. Ukurasa wenye picha ishirini ni bando la siku la mtu wa Tunduma.

Sasa simuulizi mteja fomati, seva inaamua. Husoma baiti za mwanzo, si kiendelezi cha jina (kama .jpg): JPEG huanza na FF D8 FF, PNG na 89 50 4E 47, GIF na herufi GIF8. Kisha husoma vipimo kabla ya kufungua picha. PNG ya rangi moja yenye pikseli 10,000 kwa 10,000 ni ndogo kwenye diski, lakini ikifunguliwa hula baiti milioni 400 za kumbukumbu, na seva ya bei ndogo inazimika. Kikomo changu ni pikseli milioni 40 na MB 8. Kwenye PHP (lugha inayoendesha tovuti kwenye seva) kumbuka kupandisha upload_max_filesize, ambayo huja ikiwa MB 2, na post_max_size iizidi.

Uamuzi wenyewe ni mfupi. Ikiwa na uwazi au rangi zisizozidi 256, inabaki PNG. Ikija JPEG, inabaki JPEG, hata kama ni bango. Bango lililopita WhatsApp limeshabanwa. Ukiligeuza PNG unahifadhi vumbi lilelile kwa uzito zaidi. Mwambie mteja alitume upya kama hati, si kama picha. Kinachosumbua kweli ni bango la PNG lenye picha ya kamera na maandishi juu yake. Hilo nalipa JPEG ya ubora 90 bila kupunguza rangi, yaani 4:4:4.

Katika ImageMagick, programu ya kugeuza picha, mpangilio wa amri una maana: -auto-orient (kusimamisha picha wima), rangi kwenda sRGB (rangi za kawaida za skrini), -resize 1600x1600> (ndani ya alama za nukuu, la sivyo ganda la Linux (shell, linalopokea amri) litaidhani > ni amri ya kuandika faili), na -strip (kufuta taarifa za ziada ndani ya faili) mwisho kabisa. Ukianza na -strip, alama ya mwelekeo inafutika na picha inalala ubavu. Faili za CMYK (rangi za wino) za wachapaji nazo hupoteza wasifu wa rangi. Usiache kabisa -strip, kwani picha ya simu yaweza kubeba majiranukta ya GPS, yaani mahali hasa, ya nyumbani kwa mtu.

SVG, fomati ya michoro, naikataa mlangoni. Ni maandishi ya XML yanayoweza kubeba skripti. Ndani ya tagi ya img skripti haitendi kazi, lakini mtu akifungua anwani ya faili moja kwa moja, inatenda kwa jina la tovuti yako. Nembo ya SVG naigeuza mwenyewe kuwa PNG ya upana wa 1024.

Picha za HEIC, fomati ya kamera za iPhone, nageuza JPEG zinapofika. Wasomaji hupewa WebP, fomati mpya zaidi ya wavuti, na simu zenye vivinjari vya zamani, kama Safari kabla ya toleo la 14, hupewa faili ya kawaida kupitia tagi ya picture. AVIF, fomati nyingine mpya, hubana zaidi, ila kuitengeneza kunaichosha seva yangu. Faili halisi inabaki kwenye folda isiyofikika kwa kivinjari, maana kanuni za ubora nimeshazibadilisha mara tatu.